Haki ya Msimamizi wa Kompyuta Kazini ni Zana, si Cheo

Mkazi wa Kiabakari, wilayani Butiama mkoani Mara, anayelipia ankara ya maji kwa simu ya mkononi huona sehemu ndogo tu ya safari ya fedha zake. Hupokea namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo wengi huiita kontro namba, huiingiza kwenye simu, huhakiki kiasi, na baada ya muda mfupi hupata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Kati ya simu yake na ujumbe huo upo Mfumo wa Serikali wa Malipo ya Kielektroniki (GePG), ulioanza kutumika mwaka 2017, pamoja na mifumo ya benki, ya kampuni za simu na ya mamlaka inayotoa ankara. Mifumo hiyo yote imetengenezwa na watu, na hufanyiwa marekebisho na watu.

Maji yenyewe huchotwa Ziwa Victoria, hutibiwa Mugango, kisha husukumwa hadi Kiabakari na Butiama kupitia mradi ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022. Pampu na matangi ya mradi wa aina hiyo huhitaji uzio na mlinzi. Kumbukumbu inayoonesha kwamba mwananchi amelipa nayo huhitaji ulinzi, kwa sababu ikifutwa au kubadilishwa, mwananchi hubaki na deni ambalo amekwishalilipa. Ulinzi huo hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo moja ambalo halizungumzwi sana nje ya vitengo vya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA): nani amepewa haki ya msimamizi kwenye kompyuta za kazini, kwa kazi gani na kwa muda gani.

Haki ya msimamizi ni nini

Kompyuta ya ofisini huwa na akaunti za namna mbili. Akaunti ya kawaida humwezesha mtumishi kuandika barua, kufungua barua pepe na kuingia kwenye mifumo aliyoruhusiwa. Akaunti ya msimamizi humwezesha kuibadili kompyuta yenyewe: kuweka na kuondoa programu, kuzima programu ya kuzuia virusi, kufungua mafaili ya watumiaji wengine, kubadili nywila zao, na hata kufuta kumbukumbu zinazoonesha nani alifanya nini.

Kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, haki hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi. Mwenye haki ya msimamizi kwenye seva ya hifadhidata anaweza kusoma taarifa za maelfu ya wananchi kwa amri moja, na kwa amri nyingine akazibadili. Kwa sababu hiyo kirusi cha kompyuta kinachoingia kupitia akaunti ya kawaida mara nyingi hukwama katika mipaka ya akaunti hiyo, lakini kikiingia kupitia akaunti ya msimamizi hurithi mamlaka yote ya mwenye akaunti.

Kwa nini wasanidi programu huihitaji

Wasanidi programu, yaani wataalamu wanaobuni na kuandika mifumo ya kompyuta, hawaombi haki hiyo kwa kutaka ukubwa. Kazi yao hudai kuweka zana mpya mara kwa mara, kuwasha na kuzima seva ndogo za majaribio, kuunganisha vifaa kama mashine za kutolea risiti, na kuchunguza kwa undani kwa nini mfumo umegoma. Mhasibu anaweza kutumia programu zilezile kwa mwaka mzima. Msanidi anaweza kuhitaji programu tatu mpya kabla ya saa sita mchana.

Mifumo mingi inayotumika katika halmashauri, ukiwamo TAUSI wa ukusanyaji wa mapato, hutengenezwa na kusimamiwa kitaifa chini ya taasisi kama Ofisi ya Rais – TAMISEMI na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Mtendaji wa kata au mhudumu wa kituo cha afya huitumia tu. Kwa hiyo uamuzi wa kumpa au kumnyima msanidi haki ya msimamizi jijini Dodoma unaweza kugusa risiti inayotolewa Kiabakari, Bunda au Musoma siku hiyohiyo.

Hatari ya kuachia haki bila mpaka

Tarehe 27 Juni 2017 dunia ilipata somo kubwa kuhusu hatari hiyo. Kirusi kilichokuja kujulikana kwa jina la NotPetya kilisambazwa kupitia toleo jipya la programu ya uhasibu na kodi iitwayo M.E.Doc, iliyokuwa ikitumika sana nchini Ukraine. Wahalifu walikuwa wameingilia mifumo ya watengenezaji wa programu hiyo na kupandikiza kirusi ndani ya sasisho ambalo wateja walilipokea kwa imani.

Kilipoingia kwenye kompyuta moja, kirusi hicho kilitafuta nywila za wasimamizi zilizobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha kikazitumia kuingia kwenye kompyuta za jirani. Hata kompyuta zilizokuwa zimewekewa masasisho yote ya usalama ziliangushwa kwa njia hiyo, kwa kuwa kirusi kiliingia kwa ufunguo halali. Kampuni ya usafirishaji wa makasha ya Maersk, ambayo huhudumia pia biashara ya Afrika Mashariki, ilikadiria hasara ya kati ya Dola za Marekani milioni 200 na milioni 300. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kuwa walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10.

Tukio jingine lilitokea mwaka 2022 kwa kampuni ya LastPass, ambayo kazi yake ni kutunza nywila za wateja. Wavamizi walianza kwa kuingia katika mazingira ya usanidi kupitia kompyuta ya mhandisi mmoja. Baadaye walimlenga mhandisi mwingine, mmoja kati ya wanne tu waliokuwa na funguo nyeti. Hawakumvamia ofisini. Waliingia kwenye kompyuta yake ya nyumbani kupitia programu ya burudani iliyokuwa na udhaifu, wakanasa nywila yake alipokuwa akiiandika, na hatimaye wakachukua nakala rudufu za hazina za nywila za wateja.

Matukio hayo mawili yanaonesha kwamba msanidi hulengwa na wahalifu hata akiwa mwaminifu na hodari, kwa sababu ya funguo anazobeba. Kumpunguzia funguo asizozihitaji kwa kazi ya siku ni kumpunguzia pia hatari ya jina lake kutumiwa kwa kosa asilolitenda.

Katazo la jumla nalo lina gharama

Baada ya matukio ya namna hiyo baadhi ya ofisi huchukua njia iliyo rahisi kuandikwa kwenye waraka: haki ya msimamizi imepigwa marufuku kwa watumishi wote. Njia hiyo huwafaa watumishi wengi ambao kazi zao hazihitaji kubadili kompyuta. Kwa wasanidi, katazo lisiloambatana na njia mbadala huzaa hatari nyingine isiyoonekana kwenye taarifa za ukaguzi.

Chukua mfano wa msanidi aliyeagizwa kurekebisha kasoro inayozuia risiti kutoka. Zana anayoihitaji haijawekwa kwenye kompyuta ya ofisi. Anajaza fomu, fomu inasubiri saini, na siku ya tatu simu za malalamiko zinazidi. Msanidi huyo analeta kompyuta yake binafsi, ananakili sehemu ya hifadhidata kwenye kifaa cha kuhifadhia mfukoni, na kumaliza kazi nyumbani usiku. Wananchi wanapata huduma na mkuu wa kitengo anapongezwa. Hata hivyo, taarifa za wananchi sasa zimo kwenye kompyuta ambayo watoto huchezea michezo, haina programu ya ulinzi iliyoidhinishwa, na hakuna rekodi yoyote inayoonesha kwamba zimetoka ofisini.

Katazo hilo huzaa pia tabia ya kuazimana nywila. Mtu mmoja mwenye haki huwapa wenzake nywila ili kazi isikwame. Baada ya muda watu watano hutumia akaunti moja, na likitokea kosa mfumo huonesha jina moja tu. Aliyetenda hajulikani, na asiyetenda hawezi kujitetea.

Funzo la ghala la baruti

Kiabakari na Buhemba, wilayani Butiama, ni maeneo yenye historia ndefu ya uchimbaji wa dhahabu, na wakazi wake wanafahamu namna zana ya hatari inavyotunzwa. Mchimbaji wa mwamba mgumu hawezi kufanya kazi bila baruti. Hakuna mgodi unaofuata sheria ambao humwachia mlipuaji akae na baruti chumbani kwake kwa kuwa ni fundi anayeaminika. Baruti huwekwa kwenye ghala lenye kibali. Mlipuaji mwenye cheti huchukua kiasi cha kazi ya siku hiyo, kiasi hicho huandikwa kwenye daftari, na kinachobaki hurudishwa.

Utaratibu huo haumdharau mlipuaji, na hakuna anayeona kwamba umemvunjia heshima. Umejengwa juu ya utambuzi kwamba zana ileile inayopasua mwamba inaweza kupasua nyumba, na kwamba daftari humlinda fundi mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Haki ya msimamizi inapaswa kutazamwa vivyo hivyo. Tatizo la ofisi nyingi huanza pale haki hiyo inapogeuzwa kuwa alama ya cheo: mkuu wa kitengo huwa nayo kwa kuwa ni mkuu, ingawa kazi zake ni vikao na barua, na aliyehamishiwa idara nyingine huendelea kuwa nayo kwa kuwa kumwondolea kungeonekana kama kumshusha. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani walieleza kanuni iliyo kinyume cha hali hiyo katika makala yao ya mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa kiwango kidogo kabisa cha haki kinachotosha kukamilisha kazi hiyo. Kipimo cha kanuni hiyo ni kazi iliyopo mezani, wala si ukubwa wa anayeifanya.

Njia za kuleta uwiano

Utekelezaji wa kanuni hiyo hauhitaji kuchagua kati ya kazi na usalama. Zipo hatua zinazotumika katika taasisi mbalimbali duniani, na nyingi hazihitaji fedha nyingi.

Hatua ya kwanza ni kila msanidi kuwa na akaunti mbili. Ya kawaida huitumia kwa barua pepe, intaneti na nyaraka. Ya msimamizi huifungua pale tu kazi inapoidai, na haitumiki kusoma barua pepe kabisa, kwa kuwa viambatisho vya barua pepe ni mlango unaopendwa sana na wahalifu.

Hatua ya pili ni kutoa haki kwa muda. Msanidi anaomba, anaeleza kazi, anapewa kwa saa chache, na mfumo wenyewe unaiondoa muda ukiisha. Ili utaratibu huu usigeuke kuwa katazo la jumla kwa jina jingine, majibu ya maombi lazima yatolewe kwa dakika au saa, na pawe na njia ya dharura inayojulikana kwa matatizo ya usiku au ya siku za mapumziko.

Hatua ya tatu ni kumpa msanidi uwanja wake wa kazi. Kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, humwezesha kuwa msimamizi kamili wa uwanja huo bila kuigusa kompyuta ya ofisi. Akiharibu, huifuta na kuanza upya. Kwa wasanidi wengi hatua hii peke yake humaliza sehemu kubwa ya ubishi, kwa kuwa walichohitaji ni mahali pa kujaribia.

Hatua ya nne ni kutenganisha mazingira ya usanidi, ya majaribio na ya utoaji huduma. Viwango vya kimataifa vya ISO/IEC 27002, katika toleo la mwaka 2022, vinahimiza utenganisho huo pamoja na udhibiti wa akaunti zenye mamlaka makubwa. Anayeandika programu hapaswi kuwa yuleyule anayeipeleka peke yake kwenye mfumo unaotumiwa na wananchi, na majaribio yafanyike kwa taarifa za kubuni badala ya majina na namba za simu za watu halisi.

Hatua ya tano ni kumbukumbu. Kila matumizi ya haki ya msimamizi yaandikwe na mfumo, na kumbukumbu hizo zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi huyohuyo hawezi kuzifuta. Akaunti zote za aina hiyo zilindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili, ili nywila iliyoibwa isitoshe peke yake kufungua mlango.

Hatua ya sita ni mapitio. Angalau kila robo mwaka orodha ya wenye haki isomwe jina kwa jina, na kila mmoja aulizwe anaihitaji kwa kazi gani. Mtumishi anayehama, anayestaafu au mkandarasi anayemaliza mkataba aondolewe haki siku hiyohiyo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha e-GA katika sura yake ya sasa, ikichukua nafasi ya Wakala ya Serikali Mtandao. Mamlaka hiyo hutoa viwango na miongozo ya kiufundi kwa taasisi za umma, ikiwamo ya usalama wa mifumo, na huhakiki miradi ya TEHAMA ya taasisi hizo ili kuepuka mifumo inayojirudia au isiyo salama.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa la jinai tendo la kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila uhalali, na vilevile kuharibu, kufuta au kubadili data bila uhalali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu kuchukua hatua za kiusalama ili zisipotee, zisiharibiwe wala kufikiwa na wasioruhusiwa. Kwa mujibu wa wajibu huo, nakala ya hifadhidata iliyobebwa mfukoni kwa nia njema bado ni taarifa za wananchi zilizotoka kwenye ulinzi.

Ofisi yenye mtaalamu mmoja

Hatua zilizoelezwa huwa rahisi katika taasisi yenye wasanidi 50 na kitengo cha usalama. Katika ofisi ndogo mtaalamu mmoja wa TEHAMA anaweza kuwa ndiye anayefunga mtandao, kutengeneza kompyuta za idara zote, kufundisha watumishi na kuandika programu ndogo za kusaidia takwimu. Kutenganisha majukumu ya mtu mmoja ni jambo gumu.

Hata hapo yapo yanayowezekana. Mtaalamu huyo anaweza kuwa na akaunti mbili, jambo ambalo halina gharama. Nywila kuu ya dharura inaweza kuwekwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la fedha la ofisi, na kufunguliwa mbele ya mtu wa pili kwa saini. Nakala rudufu ya kumbukumbu za matumizi inaweza kutunzwa na ofisi ya ngazi ya juu. Mkaguzi wa ndani, hata asiyejua kuandika programu, anaweza kusoma orodha ya wenye haki na kuuliza swali moja kwa kila jina: kwa kazi gani?

Utaratibu huo humlinda mtaalamu mwenyewe. Ikitokea siku malipo ya wananchi hayaonekani, mtu mwenye ufunguo pekee ndiye hushukiwa kwanza. Kumbukumbu zilizotunzwa nje ya mikono yake ndizo zitakazomsafisha.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi hawezi kuona akaunti za wasimamizi, lakini anaweza kusaidia makosa yagundulike mapema. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo badala ya kumkabidhi mtu fedha taslimu, ahakikishe jina la taasisi na kiasi vinalingana na ankara, na atunze ujumbe wa uthibitisho hadi ankara inayofuata itakapoonesha kuwa deni limefutwa. Akiona deni alilokwisha kulipa, aripoti kwa maandishi katika ofisi husika na kuambatisha ujumbe huo.

Ofisi inayopokea malalamiko hayo inapaswa kuwa na uwezo wa kufungua kumbukumbu na kumwonesha mwananchi ni lini rekodi yake ilibadilika na kwa akaunti ya nani. Jibu hilo hupatikana tu pale ambapo kila mwenye ufunguo ana ufunguo wake, anauchukua kwa kazi inayojulikana, na anaurudisha kazi ikiisha.